Umeshinda mnada wa mtandaoni Ujerumani, muuzaji hataki kukabidhi mali: Ufanye nini?

Nchini Ujerumani unaweza kununua gari, simu au cherehani kwenye mnada wa eBay ukiwa nyumbani. Matatizo huanza pale muuzaji anapoona bei imeishia chini, kisha anadai mali imeharibika au amemuuzia mtu mwingine. Wanunuzi wengi hukata tamaa hapo, wakati sheria ya nchi hiyo inawalinda.

Mkataba tayari upo

Anayeweka mali mnadani ameahidi kumuuzia atakayekuwa na dau la juu muda ukiisha. Akifunga mnada mapema bila sababu halali, mkataba unabaki kati yake na aliyekuwa akiongoza wakati huo. Mali kuibiwa ni sababu halali. Kupata mteja mwenye bei nzuri zaidi si sababu.

Novemba 2014, Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Karlsruhe iliamua kesi ya gari aina ya VW Passat lililotumika, lililonadiwa kuanzia euro 1. Mnunuzi alikuwa tayari kufika hadi euro 555.55. Saa chache baadaye muuzaji alifunga mnada, akisema amepata mteja wa pembeni wa euro 4,200. Kwa kuwa hakukuwa na mshindani, dau lilikuwa bado euro 1. Mnunuzi alisema gari lilikuwa na thamani ya euro 5,250 akadai fidia ya euro 5,249, na mahakama ikakubali kwamba muuzaji anawajibika kulipa fidia.

Hatua za kuchukua

Kwanza, hifadhi ushahidi: picha za ukurasa wa mnada, dau lako, risiti ya malipo na ujumbe wote mlioandikiana.

Pili, mwandikie muuzaji ukimtaka akabidhi mali, na umpe tarehe ya mwisho. Wiki mbili kwa kawaida zinatosha. Akiwa ameshakataa katakata, huna haja ya kumpa muda zaidi.

Tatu, kama umeshalipa, fungua malalamiko kwenye jukwaa lenyewe. Kwa eBay, ni ndani ya siku 30 baada ya siku ya mwisho iliyotarajiwa mzigo kufika. PayPal inatoa siku 180 tangu ulipolipa, lakini haimlindi aliyetuma fedha kama kwa ndugu au rafiki. Magari hayamo katika ulinzi wa eBay.

Nne, muda uliompa ukipita, una njia mbili. Unaweza kujitoa kwenye mkataba na kudai fedha zako, au kudai fidia ya tofauti kati ya thamani ya mali na bei ya mnada. Jukwaa hurejesha ulicholipa tu. Tofauti hiyo unaidai kwa muuzaji mwenyewe.

Tano, asipolipa, omba mahakamani hati ya kudai malipo, kwa Kijerumani Mahnbescheid. Huhitaji wakili kuiomba. Mdaiwa ana wiki mbili za kupinga. Akipinga, dai linaweza kupelekwa kwenye kesi ya kawaida.

Akisema mzigo umepotea njiani

Hapa uliza kwanza umenunua kwa nani. Muuzaji mfanyabiashara anabeba hasara hadi mzigo ufike mikononi mwa mlaji. Muuzaji binafsi anaondokana nayo akishaukabidhi kwa msafirishaji, ila ni juu yake kuthibitisha kwamba aliukabidhi kweli. Mwombe stakabadhi ya posta.

Ukishuku kwamba mali haikuwepo tangu mwanzo, huo ni utapeli. Ripoti polisi, ukijua kwamba ripoti peke yake hairudishi fedha.

Kwa kawaida madai hufa baada ya miaka mitatu, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka yalipotokea. Lakini siku za eBay na PayPal huisha mapema zaidi, kwa hiyo usingoje ahadi za "kesho natuma" hadi zipite.