Jinsi ya kufunga taa na kengele za onyo kwenye gari la zamani kabla injini haijanoki

Msikilizaji wetu, kila tunapozungumzia magari hewani, simu nyingi hutoka kwa wenye Land Rover, Peugeot 504 na Land Cruiser za zamani. Swali ni lile lile: gari halina taa ya kuonya au taa zake zilikufa zamani, je, zinaweza kufungwa upya? Jibu ni ndiyo, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kufungua injini. Haya hapa ni maelezo ya kuhifadhi kwenye simu yako na kumwonyesha fundi umeme.

Kwanza, yaliyotupata sisi

Gari letu la zamani la kurushia matangazo ya nje lilikuwa linapanda kutoka Mombo kwenda Soni, likiwa limejaa watu na mitambo. Hosi ya chini ya rejeta ikapasuka. Dereva alitupia jicho geji ya joto, akaona mshale umeshuka, akadhani injini imepoa kwa upepo wa mlimani. Akaendelea. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha na sensa ilibaki kwenye hewa tupu, haigusi maji ya kupima. Silinda hedi ikapinda. Tulirudi Makorora tukivutwa kwa kamba, na matangazo ya jioni ile hayakuruka.

Tangu siku hiyo tunasema hivi: onyo linalofaa ni lile linalomfikia dereva kabla ya hasara, na ambalo dereva amelijaribu asubuhi akajua kuwa ni zima.

Kwa nini magari haya hayaonyi vizuri

Land Rover 109 za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1985. Nyingi zina taa chache ndogo ambazo mchana wa jua kali hazionekani. Dereva anayekwepa mashimo na pikipiki hana muda wa kutazama dashibodi. Ndiyo maana tunashauri kila taa muhimu iambatane na kengele ndogo ya umeme ya volti 12. Jicho likiwa barabarani, sikio litasikia.

Sababu ya pili ni chumvi. Hapa pwani, kuanzia Pangani hadi Moa, hewa ya bahari hula viungo vya waya, hasa pale waya wa arthi unapofungwa kwenye bodi. Kabla hujanunua kitu, mwambie fundi afungue arthi zote, azisugue kwa msasa hadi chuma king'ae, azifunge tena na kuzipaka grisi. Mara nyingine taa ya zamani hufufuka kwa kazi hiyo tu.

Kabla ya kugusa waya

Angalia ni ncha ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Magari mengi huwa ni hasi, lakini baadhi ya magari ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi. Ukikosea hapo, vifaa vya kisasa vitaungua. Maelezo yanayofuata ni ya gari lenye hasi kwenye bodi.

Ondoa waya wa betri unaokwenda kwenye bodi kwanza, ndipo uanze kazi. Umeme wa taa za onyo utoke kwenye swichi ya funguo kupitia fyuzi ya ampea 5. Waya unapopita kwenye tundu la bati kati ya injini na dashibodi, uvishwe mpira, usije ukachubuka na kugusana na bodi.

Taa ya oili

Hii ndiyo ya kwanza kufunga. Umeme hutoka kwenye fyuzi, hupita kwenye balbu, kisha huenda kwenye swichi ya oili iliyofungwa kwenye injini. Presha ikiwa chini, swichi huunganisha waya na bodi na taa huwaka. Injini ikiwaka na presha ikipanda, swichi hukata na taa huzimika.

Kengele hufungwa sambamba na balbu: chanya yake kwenye chanya ya balbu, hasi yake kwenye waya unaokwenda kwenye swichi. Fundi asizungushie swichi utepe mweupe wa mafundi bomba kwa wingi, kwa sababu swichi hupata arthi kupitia nyuzi zake. Kama unataka kubakiza geji ya oili, funga kiungo cha njia tatu, geji upande mmoja na swichi upande mwingine.

Taa ya joto

Chagua swichi inayowaka juu ya joto la kawaida la kazi na chini ya joto la hatari. Thamostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi, hivyo swichi ya nyuzi 100 hadi 105 hufaa magari mengi, mradi mfuniko wa rejeta ni mzima. Mfuniko ule ndio unaoshikilia presha ili maji yasichemke mapema. Bila presha, maji huchemka kwenye nyuzi 100 hapa Tanga mjini, lakini kule Lushoto huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Swichi ya nyuzi 95 unaweza kuijaribu kwenye sufuria ya maji yanayochemka hapa mjini. Ile ya 105 haitaamka ndani ya maji hayo, usidhani ni mbovu.

Sasa kumbuka hosi yetu ya Soni. Swichi inayotegemea maji inaweza kunyamaza maji yakiisha. Dawa yake ni kuongeza sensa ya pete inayobanwa kwenye chuma cha silinda hedi kwa bolti ndogo. Usitumie zile bolti kubwa zinazoshika hedi yenyewe. Chuma kikipata moto sensa itajua, maji yawepo au yasiwepo.

Taa ya chaji

Wengi huidharau taa hii. Katika injini nyingi za zamani, mkanda mmoja huzungusha altaneta, feni na pampu ya maji. Mkanda ukikatika, taa ya chaji ndiyo huwaka kwanza, dakika kadhaa kabla ya gari kuchemsha.

Tahadhari: kwenye altaneta nyingi, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hii ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji. Ukiweka taa ya LED mahali pa balbu ya kawaida ya wati 2 hivi, betri inaweza isichajiwe kabisa. Bakiza balbu ya kawaida.

Taa ya breki

Tafuta mfuniko wa chupa ya mafuta ya breki wenye boya na swichi, unaolingana na nyuzi za chupa yako. Mafuta yakipungua, boya hushuka na taa huwaka. Taa hii haijui breki zilizopata moto kwa kukanyagwa mteremko mzima. Kuteremka Lushoto bado kunataka gia ndogo.

Kengele moja kwa taa nyingi

Ukiunganisha kengele moja na taa ya oili na ya joto bila kinga, taa moja inaweza kuwasha nyingine na dereva asijue tatizo ni lipi. Weka daiodi kwenye kila waya unaotoka kwenye hasi ya kengele kwenda kwenye swichi, upande wenye mstari ukielekea swichi. Daiodi za 1N4007 zinafaa, na mafundi redio wengi huwa nazo.

Jaribio la kila asubuhi

Washa funguo bila kuwasha injini. Taa ya oili na ya chaji ziwake, kengele ilie. Washa injini: zizimike ndani ya sekunde chache. Taa ambayo haiwaki kabisa asubuhi imekufa, usiondoke nayo. Taa ya joto haiwaki yenyewe injini ikiwa baridi, hivyo mara moja kwa wiki chomoa waya wake kwenye swichi, uguse bodi, uone kama inawaka.

Kengele ikilia njiani

Oili: zima injini papo hapo mara gari linapokuwa mahali salama. Usiseme utafika kijiji kinachofuata.

Joto: simama, zima, subiri ipoe. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, maji yataruka usoni. Usimwage maji ya baridi kwenye injini inayochemka.

Chaji: simama utazame mkanda. Umekatika? Usiendelee. Uko mzima? Zima vitu visivyo vya lazima, uende taratibu kwa fundi wa karibu. Usiku lala hapo hapo, maana taa za mbele zitamaliza betri.

Breki: simama mara moja, tazama chupa na mabomba. Kuongeza mafuta bila kujua yanavujia wapi ni kujidanganya.

Dereva wetu siku hizi akisikia kengele hasubiri kuulizwa na mtu. Anasimama kwanza, maswali baadaye. Nawe fanya hivyo, kwa sababu nyuma yako kuna abiria na mazao ya watu.