Columbus alivyotumia kupatwa kwa mwezi kuwatisha Wataino

Mwaka 1503 merikebu za Christopher Columbus, zilizoliwa na wadudu, zilikwama Jamaika. Wenyeji Wataino walimlisha yeye na mabaharia wake kwa miezi mingi, kisha wakachoka.

Tarehe 29 Februari 1504 Columbus aliwaambia kwamba Mungu amekasirika na mwezi utawaka damu. Usiku ukawa mwekundu kweli. Kwa mujibu wa mwanawe Fernando, wenyeji walikuja mbio na chakula.

Siri ilikuwa kitabu cha hesabu za nyota. Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, dunia ikiwa kati yake na jua. Ila njia yake imeinama nyuzi 5 hivi, kwa hiyo mara nyingi hukikwepa kivuli cha dunia. Mwezi mpevu Wataino waliujua. Ni usiku upi ungepatwa, alijua mgeni peke yake.