Kupinga ujenzi wa nyumba kuna muda wake

MIPANGO ya kujenga majumba ya ghorofa mitaani Kilimani na Kileleshwa, Nairobi, imezua malalamishi kuhusu majitaka, uhaba wa maji na msongamano wa magari. Wakazi wana kinga: Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya mazingira safi na salama.

Hata hivyo, asiyeridhishwa na idhini ya kaunti ana siku 14, chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, kukata rufaa kwa kamati maalumu ya kaunti. Anayepinga leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, ana siku 60 kufika mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira.

Anayengoja kuona tingatinga huenda akachelewa.