Ng'ombe, Mbung'o na Nyama ya Pori katika Buha

Tukichunguza historia ya Heru Juu tunaona kwamba suala la malisho lilikuwa suala la utawala. Milimani hapakuwa na mbung'o. Huko ng'ombe walishikwa na wachache, na kwa desturi ya ubugabire mnyonge alikabidhiwa ng'ombe, akalipa kwa utumishi. Chini, kuelekea Malagarasi, mbung'o waliua ng'ombe kwa nagana, bali nyati na pongo walistawi kwa kuwa miili yao huhimili ugonjwa huo. Huko mnyonge aliwinda.

Wakoloni wakaminya haki hiyo. Amri ya von Wissmann ya 1896 na sheria ya Waingereza ya 1921 zilileta leseni na mapori ya akiba. Uwindaji wa mnyonge ukaitwa ujangili. Katika miaka ya 1930 Waha wengi walihamishwa kwa sababu ya malale.

Sera ya 1998 ilivipa vijiji nafasi ya kusimamia wanyamapori, na kanuni za 2020 zikaruhusu mabucha ya nyamapori. Kuvuna kwa mpango, bila kumaliza mbegu, kunafaa pale ambapo ng'ombe hafai. Lakini tujiulize: mavuno ni ya nani? Yakiishia kwa mwenye kitalu, ubugabire umerudi kwa jina jipya.