Tongo si mahali patupu: juu ya nyumba za Kasongo na watunzaji wake

Neno tongo kila mtu wa kwetu analijua. Ni mahali palipokuwa na nyumba, na sasa nyumba hakuna. Watu wamehama, paa limeanguka, mvua imekula kuta, lakini mwembe ungali umesimama, na anayelima pale anakuta vigae vya chungu ndani ya udongo. Kwa Kiswahili cha pwani wangesema mahame. Sisi tunasema tongo, na tongo lenye sifa kuliko yote katika Maniema ni Tongoni, yaani Kasongo ya zamani, mji wa Tippu Tip na mtoto wake Sefu.

Ndugu msomaji, sitasimulia tena vita vya Waarabu na Leta. Hayo yameandikwa mara nyingi, na zaidi yameandikwa na walioshinda. Nataka kusema juu ya nyumba zenyewe: zilijengwa na nini, kwa nini hazikubaki, na nani ametunza kile kilichobaki, bila cheti wala mshahara.

Tuanze na kosa moja linalorudiwa sana. Watu wanasema eti kabla ya Waungwana kufika hapa hakukuwa na nyumba, kulikuwa na vibanda tu. Livingstone, aliyekaa Kabambare (yeye aliandika Bambarre) miezi mingi mwaka 1870 akiugua vidonda vya miguu, aliandika mambo mengine kabisa. Alikuta vijiji vimepangwa kwa barabara, nyumba za pembe nne, kuta za udongo zimepigwa vizuri, kuni zimepangwa ndani. Aliona pia kwamba barabara nyingi zilielekea mashariki na magharibi, ili jua liikaushe njia baada ya mvua. Hiyo ni akili ya mafundi. Basi Waungwana walipofika na fikra ya nyumba ya pwani, yenye baraza mbele na ua nyuma, walikuta mikono inayojua udongo tayari. Nyumba ya Kasongo ilizaliwa hapo, katikati ya fikra mbili. Haikuletwa nzima kutoka Unguja ndani ya mzigo wa mpagazi.

Na ingeletwaje? Nyumba ya pwani inajengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, kutoka Tabora mpaka Ujiji, halafu kuvuka Tanganyika na kupanda hadi Kabambare na Kasongo, hakuna mtu atakayebeba mawe. Walichobeba ni vipimo kichwani na majina ya vitu: baraza, ukumbi, ua, kizingiti. Vingine vyote vilitoka hapahapa: udongo, miti, fito, kamba za msituni, majani ya kuezekea.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, alijiweka Kasongo karibu na mwaka 1875. Miaka kumi na tano baadaye, mwaka 1890, alirudi Unguja asirudi tena huku, na mji ukabaki mikononi mwa Sefu. Mji huo ulikuwaje? Shahidi wetu ni adui yake. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Leta chini ya Dhanis, aliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na kitabu chake kilitoka mwaka 1897. Chumba alichojichukulia yeye kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, ni kama mita 24 kwa mita 4 na nusu, na mlango wake ulifunguka kwenye bustani ya michungwa. Askari wa kawaida walilala kwenye vitanda vya kuchongwa na magodoro ya hariri. Aliona ghala za mchele, mahindi na kahawa. Aliona michungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe, ndizi. Ukumbuke kwamba mtu anayeandika hivyo alikuja kuubomoa mji huo, hana sababu ya kuusifu bure.

Lakini tusome na upande mwingine. Chumba cha mita 24 hakijengwi na mtu mmoja. Ni nani aliyekanyaga udongo ule? Ni nani aliyebeba maji, aliyelima mpunga uliojaza ghala? Wengi walikuwa watumwa, watu wa nchi hii na nchi za jirani. Njia iliyoleta hariri ndiyo iliyopeleka pembe na watu. Huko Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki sokoni juu ya wanawake waliokuja kuuza vyakula, na Livingstone aliona kwa macho yake. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Mtu anayetaka kuitunza Tongoni lazima aitunze pamoja na habari hiyo, la sivyo atakuwa anapamba.

Sasa, nyumba zilikwenda wapi? Vita vilifanya sehemu. Hinde anasema kwamba Nyangwe, iliyokuwa mji wa maelfu ya watu, ilibaki nyumba moja kubwa tu yenye boma. Kabambare nayo iliingia mikononi mwa Leta Januari 1894. Lakini kilichomaliza kazi si mzinga, ni mvua. Ukuta wa udongo unaishi kwa sharti moja: kuwe na mtu. Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, mtu apande juu abadilishe majani yaliyooza, apake udongo mpya pale maji yalipokula, aondoe mchwa kabla hawajafika kwenye miti ya paa. Akikosekana misimu miwili, mitatu, maji yanaingia kwa juu, na ukuta unarudi kuwa udongo. Utawala ulipojenga posti yake mahali pengine na watu wakahama, Tongoni haikuhitaji adui mwingine.

Mfano ulio wazi ni Tippu Tip mwenyewe. Alikuwa na nyumba Kasongo na nyumba Unguja. Ile ya Unguja, ya mawe, ingali imesimama katika Mji Mkongwe na mlango wake wa kuchongwa, na Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000. Ile ya Kasongo ni tongo. Mwenye nyumba ni yule yule, tofauti ni mawe na udongo.

Na Wabelgiji, je? Wanajeshi wao wawili, Lippens na De Bruyne, waliuawa hapa Kasongo mwisho wa mwaka 1892. Kwa ajili yao kuna sanamu huko Blankenberge, pembeni ya bahari ya Ubelgiji. Wao walikumbuka wafu wao wawili kwa jiwe. Sisi wafu wetu hatuna hata orodha.

Halafu ikaja tabaka la pili la nyumba, la tofali lililochomwa. Sehemu kubwa ya majengo tunayoita ya Wazungu katika Kongo si ya zamani sana kama tunavyodhani. Mengi ni ya miaka ya 1950, wakati wa Mpango wa Miaka Kumi ulioanza mwaka 1949, na wakati fedha za Fonds du Bien-Être Indigène, mfuko ulioundwa mwaka 1947, zilipojenga zahanati na lopitali za vijijini. Kasongo ilifanywa vikariati ya kanisa katoliki mwaka 1952, na jimbo kamili mwaka 1959. Nyumba za miaka ile unazijua kwa kuangalia tu: barza pana inayozuia jua, dari ya juu, matundu ya hewa chini ya paa, matofali yaliyoachwa nafasi ili upepo upite, na manjanja juu. Ni nyumba zilizofikiriwa kwa joto, kabla ya watu kuzoea kujenga madirisha madogo na kungoja umeme wa kuendesha feni. Vijana wetu wanaojenga kwa sima wangefaa kuzipima kabla ya kuzicheka.

Nazo zimepata yao. Maasi ya 1964 yalipita Maniema, vita vya 1996 na vya 1998 vikapita. Watu wanadhani tofali la kuchoma halifi. Kumbe manjanja yakiondolewa, maji yanaingia kwa juu vilevile, na nyumba ya mupe au ya administrata inaanza safari ileile ya Tongoni, ila polepole zaidi.

Nani basi ametunza? Mabwana wa mji waliondoka au waliuawa. Waliobaki ni wafuasi, wajakazi, watumwa waliopata uhuru, watoto waliozaliwa na mama Mkusu, Mzula au Mngubangu. Wabelgiji waliwaita «arabisés». Wenyewe walijiita Waungwana, na lugha yao ndiyo Kingwana, lugha iliyoenea mpaka mbali kuliko nyumba yoyote ya Tippu Tip. Wakati wa ukoloni dini yao iliangaliwa kwa jicho baya, na wazazi wengi walikataa shule za misioni, basi wakakosa vyeo. Lakini walishika mambo. Walishika namna ya kupanga lupango, baraza mbele kwa wageni na ua nyuma kwa watu wa nyumbani. Walishika mpunga, walishika michungwa. Walishika na jina Tongoni lenyewe, ambalo ni kama kibao kilichosimikwa kwa mdomo. Kwa maoni yangu hao ndio chama cha kwanza cha kulinda majengo katika Maniema, hata kama hawakuwahi kukaa mkutano.

Nitoe mfano wa mbali kidogo, maana unafundisha. Huko California, Marekani, katikati ya jangwa, kuna mji unaoitwa Palm Springs. Miaka ya katikati ya karne iliyopita matajiri walijenga pale nyumba za vioo na paa bapa. Mwaka 1999 wenyeji waliunda kamati ya kuzilinda zisibomolewe, na walifaulu: kituo cha mafuta kilichochorwa na Albert Frey mwaka 1965 sasa ni nyumba ya kupokea wageni. Mji umetajirika kwa watalii wanaokuja kuangalia kuta. Lakini katika mji uleule, katika miaka ya 1950 na 1960, kulikuwa na mtaa uliojulikana kama Section 14, kwenye ardhi ya wenyeji wa asili, ambako waliishi watu weusi na watu wa asili ya Mexico, wengi wao wakiwa watumishi na wajenzi wa mji. Walifukuzwa, nyumba zao zikachomwa. Ni mwaka 2024 tu ambapo baraza la mji lilikubali kulipa dola milioni 5.9 kwa familia hizo. Kamati ya mwaka 1999 haikuwa na nyumba ya mfanyakazi ya kulinda pale. Ilikwisha kuwa majivu.

Kasongo mambo yamegeuka. Nyumba ya bwana haipo, na ya mtumwa haipo, lakini watoto wa waliojenga wapo. Ndiyo sababu mimi siungi mkono wale wanaotamani jumba la Tippu Tip lijengwe upya ili watalii waje. Huko Kwihara, karibu na Tabora, tembe alimokaa Livingstone ilijengwa upya katika miaka ya 1950, na ni kazi nzuri kwa mahali pale, maana kumbukumbu ni ya mgeni mmoja. Tongoni ni kumbukumbu ya watu wengi, na ukijenga chumba kimoja cha bwana umechagua nani wa kukumbukwa.

Kinachotakiwa Tongoni ni kidogo na kigumu: kuiacha ardhi. Udongo wa tongo ni mzuri kwa matofali, umekwisha kukanyagwa na wengine. Lakini kila shimo linalochimbwa pale linaondoa ukurasa. Watafiti wa mambo ya kale, Wakongomani na Wazungu, akiwemo Noemie Arazi, walifanya kazi Kasongo na kutoa matokeo katika jarida la Antiquity mwaka 2020. Hawakuchimba tu, waliwasikiliza na wenyeji, wakaweka maneno ya wazee pamoja na vigae. Hiyo ndiyo njia. Sheria nayo ipo: ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Lakini sheria bila mtu wa kuipeleka kwa sefu wa kijiji ni karatasi tu.

Kuhusu dunia ya nje, tusijidanganye. Kongo ina mahali patano katika orodha ya urithi wa dunia, na pote ni mbuga na misitu: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya okapi. Hakuna hata nyumba moja. Tanzania, mwaka 2006, ilipendekeza njia ya kati ya watumwa na pembe: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Orodha inaishia majini. Lakini Ujiji ilikuwa kivuko, na watu na pembe walitoka ng'ambo, huku Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Nusu ya njia haijaandikwa, na wa kuiandika si Watanzania.

Kazi inaweza kuanza na daftari. Katika kila mtaa wa Kasongo na Kabambare wapo bado mafundi wanaojua udongo wa kichuguu unachanganywaje, siku ngapi tofali bichi linakaa kivulini kabla ya kupelekwa juani, fito zinafungwaje bila msumari. Wapo mabibi wanaojua jina la kila sehemu ya nyumba, wakati wajukuu wao wanasema «salon» na «véranda». Waandike majina hayo wanafunzi wa sekondari, kila mmoja kwa bibi yake, pamoja na jina la aliyepanda mwembe wa lupango lao na mahali familia ilipotoka kabla ya kufika hapo. Kiangazi ndicho wakati wake, mafundi wakiwa kazini juu ya paa.