Nani mwenye kitufe?

Leo tuongelee kitufe. Ndiyo, kile cha kuwasha na kuzima. Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi wa kompyuta, lakini historia ya kidude hiki imenivutia maana ndani yake kuna swali la madaraka: nani anaruhusiwa kuiamuru mashine?

Mwaka 1966, kule MIT nchini Marekani, William Sutherland aliandika tasnifu kuhusu kuipa kompyuta maagizo kwa kuchora badala ya kuandika. Miaka 20 baadaye, 1986, kampuni ya National Instruments ya Texas ikatoa LabVIEW kwa kompyuta za Macintosh. Humo kulikuwa na sehemu mbili. Moja ni mchoro: visanduku vilivyounganishwa kwa nyaya. Ya pili ni uso wa mashine: swichi, geji, vitufe vya kuzungusha kama vya redio. Mhandisi wa maabara akapumua. Hakuna tena kukariri lugha za waandika programu.

Mwaka 2013 wahandisi wawili wa IBM, Nick O'Leary na Dave Conway-Jones, wakaanzisha Node-RED. Mwaka huohuo ikawa programu huria. Unachora mtiririko, unaongeza dashibodi, unawasha taa au pampu kwa simu yako. Safi sana!

Lakini subiri kidogo. Dashibodi ile ilikuja na wijeti zake: kitufe, swichi, geji, chati. Je, ukitaka kisichokuwemo? Tuseme picha ya tangi linalojaa maji, ukiligusa pampu inazimika. Hapo ulipewa nodi ya kiolezo, uandike HTML na msimbo wa AngularJS mwenyewe. Yaani yule aliyeambiwa hahitaji kuandika amerudishwa darasani kwa mlango wa uani.

Tena ada yake hailipwi mara moja. Google iliacha kuihudumia AngularJS mwishoni mwa 2021. Dashibodi iliyofuata, Dashboard 2.0 ya kampuni ya FlowFuse, imejengwa juu ya Vue. Wijeti ulizojichongea zamani hazihami zenyewe. Unaandika upya.

Kwa maoni yangu, kuchora nyaya ni nusu tu ya uhuru. Anayeweza kujitengenezea kitufe, na kukitengeneza tena msingi unapobomoka, ndiye mwenye mashine. Sisi wengine ni wapangaji, na mwenye nyumba akihama tunabaki na funguo zisizofungua kitu. Au wewe unaonaje?