Wino wa Nyangwe: kemia iliyoficha historia yetu

Ndugu wasomi, wana Kasongo na Kabambare, wengi wetu tuliachana na kemia siku ile ya Exetat. Leo nawarudisha huko kidogo, juu ushuhuda mmoja mkubwa wa historia yetu ulikaribia kupotea sababu ya molekuli.

Livingstone alikaa Kabambare, yeye aliandika "Bambarre", toka Julai 1870 mpaka Februari 1871, akiugua vidonda vya miguu. Kisha akaenda Nyangwe, kando ya Lualaba. Karatasi ziliisha, wino pia. Akachukua gazeti la zamani la London, The Standard, akaandika juu ya maandishi yake. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea ambao watu wa huku walitumia kutia nguo rangi na kujipamba uso.

Kwa wino ule aliandika alichokiona tarehe 15 Julai 1871: watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walipiga bunduki katikati ya soko la Nyangwe, wakati wanawake wengi wako wanauza. Watu wakajitupa mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400.

Halafu maandishi yakafifia. Kwa nini?

Tuangalie mafuta ya ngazi. Wekundu wake unatoka kwa karotini: atomu 40 za kaboni na 56 za hidrojeni, vifungo vya mara mbili vikipishana na vya mara moja. Mpangilio huo unameza mwanga wa bluu, ndiyo sababu jicho linaona wekundu. Lakini joto, mwanga na oksijeni vinauvunja. Mama akichoma mafuta muda mrefu, wekundu unaenda. Rangi nyingi za mimea ziko na udhaifu wa namna hiyo.

Wino wa gazeti ni masizi, karibu kaboni tupu iliyoshikana sana. Huo haufifii. Basi matangazo ya London yakabaki, maneno ya Nyangwe yakaondoka. Kaboni ni ile ile. Tofauti ni namna inavyofungana.

Wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipiga picha kurasa zile kwa mianga ya aina nyingi. Mabaki ya rangi ya mmea yanajibu mwanga tofauti na masizi, kwa hiyo kompyuta iliweza kuyatenga. Mwaka 2011 daftari likasomeka tena. Ikaonekana kwamba Livingstone, aliponakili, alibadilisha maneno kadhaa, hata kuhusu mwenendo wa watu wake mwenyewe. Kitabu kilichotoka 1874, baada ya kifo chake, hakikuwa sawa na daftari. Kwa karibu miaka 140 dunia ilisoma Nyangwe iliyosafishwa.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito. Waliokuwa sokoni ni watu wetu, lakini ushuhuda tunaousoma ni wa mgeni. Wazee wetu wangali na ya kwao. Tuwaandike, wasomi, na daftari zile tuziweke mbali na jua na unyevu.